Wakuu nipeni magoli ya timu za taifa ya kuonyesha bandani wiki ambayo ligi zimesimama

Fundi Skrini (Mwanjelwa, Mbeya)

Wakuu habari za jioni, poleni na baridi. Nina banda la kuonyeshea mpira huku Mwanjelwa, siyo kubwa sana ila lina watu wake, wikiendi za ligi ya Uingereza linajaa mpaka watu wanasimama mlangoni, Simba na Yanga ndo usiseme kabisa. Shida yangu ni zile wiki za kalenda ya FIFA, ligi zote zinasimama, Stars inacheza siku moja basi, siku zilizobaki mabenchi yanakaa matupu na mwenye fremu kodi yake iko palepale. Sasa nimewaza ile Jumamosi niifanye usiku wa magoli ya timu za taifa, nchi kwa nchi tu, klabu hapana, naweka projekta na spika kubwa, mtu analipa kiingilio kidogo anakaa na kahawa yake anaangalia vitu alivyokuwa anasimuliwa na baba yake.

Naomba kila mtu anipe goli lake ila na sababu. Usiniandikie "Maradona" halafu ukaondoka. Wateja wangu ni mchanganyiko, kuna vijana wa bodaboda, kuna wazee wastaafu wa TAZARA, kuna wafanyabiashara wanaoshusha mizigo ya Tunduma wanalala gesti za hapa jirani, nataka kila mmoja akute chake.

La kwangu nishaliweka la kwanza, Siphiwe Tshabalala, 11 Juni 2010, mechi ya ufunguzi Afrika Kusini na Mexico pale Soccer City. Dakika ya 55. Bafana wananyang'anya mpira nyuma huko, pasi mbili tatu za haraka, Dikgacoi anampenyezea kushoto, jamaa anakimbia nao hatua chache anaachia mguu wa kushoto unaenda nyuzi tisini upande wa mbali, kipa anaruka kwa heshima tu. Halafu wanajipanga pembeni wanacheza ile staili yao kama walikuwa wanaifanyia mazoezi mwezi mzima. Ilikuwa Kombe la Dunia la kwanza Afrika na goli la kwanza la mashindano likafungwa na Mwafrika, tena goli la kideo. Mexico walirudisha dakika ya 79 kupitia Rafael Márquez ikaisha 1-1, Bafana wenyewe wakatolewa kwenye makundi, lakini ukimtajia mtu Kombe la Dunia 2010 la kwanza kumjia kichwani ni lile shuti.

Karibuni.

---

Mstaafu wa Iyunga

Mwanangu umefanya jambo jema kutukumbuka wazee. Mimi nakupa goli ambalo kwenye projekta yako hutaliweka kirahisi, maana sisi tulilisikia, hatukuliona. Peter Tino, Ndola, Agosti 1979.

Vijana wa sasa wanaona Stars kwenda AFCON ni jambo la kawaida. Wakati ule hatukuwahi kwenda hata mara moja. Tulikuwa tumewafunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, mechi ya marudiano kwao, na Zambia ya wakati ule ukienda kwao ulikuwa unaombewa dua. Wakatangulia kufunga. Sasa ukiwa na 1-0 ya nyumbani na wewe umefungwa 1-0 ugenini mambo yamelingana, na uwanja ni wa kwao, kelele za kwao. Redio yangu ilikuwa ya betri kubwa, ukiiweka mezani mawimbi yanakimbia, ukiiweka dirishani imeelekea nje na waya umefungwa kwenye nondo inakubali, kwa hiyo tumesimama nje kwenye baridi ya Agosti, unaijua mwenyewe baridi ya Mbeya ya Agosti, majirani na watoto tumezunguka dirisha. Tino akasawazisha. Mtangazaji wa RTD sauti ikapotea, tukawa tunasikia mngurumo tu, hatukujua nani kafunga mpaka aliporudia jina.

Mechi ikaisha 1-1, tukaenda Lagos 1980. Kikosi kile kilikuwa na Juma Pondamali golini na Leodegar Tenga nyuma, huyu Tenga aliyekuja kuwa rais wa TFF. Na sisi wa reli tulikuwa tunafanya kazi na Wazambia mle mle, treni inatoka Kapiri Mposhi inaingia na wahudumu wao, siku zile ukikutana na mwenzako Mzambia unamsalimia kwa upole kwanza, habari ya mpira unaiacha mpaka aianze yeye.

Usilitupe hilo kwa sababu tu halina picha.

---

Chipolopolo Damu (Tunduma)

Mzee wa Iyunga shikamoo. Mama yangu ni wa Nakonde kwa hiyo hayo maumivu ya 1979 nimeyakuta nyumbani yanasimuliwa upande wa pili haha.

Fundi, kama una wateja wa Tunduma basi lazima uweke 2012. Na siyo lazima uwe Mzambia kuelewa. 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu nzima ya Zambia ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon, watu wote 30 waliokuwemo wakafa. Kalusha Bwalya alipona kwa sababu alikuwa Uholanzi kwenye klabu yake PSV na alikuwa asafiri mwenyewe. Sasa 2012 AFCON inaandaliwa na Gabon na Guinea ya Ikweta, fainali imepangwa wapi? Libreville. Zambia hakuna aliyewapa nafasi, wanafika nusu fainali wanakutana na Ghana ya kina Asamoah Gyan, Gyan anapiga penati Kennedy Mweene anadaka, kipindi cha pili dakika ya 78 Emmanuel Mayuka anapokea mgongo ukiwa golini anageuka anapinda mpira unagonga mwamba wa pembeni unaingia. 1-0. Hilo ndo goli langu, kwa sababu bila hilo hawafiki Libreville. Kabla ya fainali wachezaji walienda ufukweni kuweka maua kwa ajili ya wale wa 1993, kocha Hervé Renard na Kalusha mwenyewe ambaye wakati huo alikuwa rais wa chama chao cha mpira.

Fainali na Ivory Coast, Drogba anakosa penati ndani ya dakika 90, 0-0 mpaka muda wa ziada, wanaingia matuta, Zambia wanashinda 8-7, ya mwisho anapiga Stoppila Sunzu, beki. Wakati anaelekea kwenye mpira alikuwa anaimba, wenzake katikati ya uwanja wamepiga magoti wanaimba. Mtu ataniambia penati ya matuta siyo goli kwenye rekodi, sawa, lakini mimi nakwambia weka yote kuanzia penati ya kwanza, uone kama kuna mtu atatoka kwenda kununua hata karanga.

---

Dogo wa Uyole

Mkuu mimi wa kizazi changu, 24 Machi 2019, Stars 3 Uganda 0 kwa Mkapa, wakati huo tunauita Taifa. Msuva kafungua, kipindi cha pili Erasto Nyoni penati, Aggrey Morris kichwa. Uganda walikuwa wameshafuzu kitambo lakini sisi tulikuwa tunahitaji ushindi NA tulikuwa tunahitaji Lesotho wasishinde kule Cape Verde, kwa hiyo watu walikuwa wanaangalia mechi mbili kwa wakati mmoja, macho kwenye TV simu mkononi, kila mtu anauliza Praia vipi Praia vipi, mji wenyewe wengi hatukuwahi kuusikia kabla ya siku ile. Ikaisha 0-0 kule. Miaka 39 toka hiyo Lagos ya mzee.

Na kitu kimoja watu wanakisahau, kocha wetu siku ile alikuwa Emmanuel Amunike. Huyohuyo Amunike, akiichezea Nigeria, ndiye aliyewafunga Zambia magoli mawili kwenye fainali ya AFCON 1994, ile Zambia iliyoundwa upya mwaka mmoja tu baada ya ajali, ikapoteza 2-1. Sasa Chipolopolo Damu unaona jinsi hizi habari zinavyofungana.

Pia weka la Samatta dhidi ya Kenya, AFCON ileile Misri. Olunga anasawazisha, mpira unawekwa kati, hata Wakenya hawajamaliza kushangilia Samatta anaweka 2-1. Tulipigwa 3-2 mwishoni, iliuma, lakini zile dakika mbili zilikuwa za mpira kweli.

---

Dada wa Kihesa (Iringa)

Kaka Fundi na mimi nachangia japo nipo Iringa siwezi kuja. Naona wote mmetaja wanaume. Bandani kwako mabinti hawaji? Kama hawaji labda hujawawekea cha kuwaleta.

Weka Barbra Banda. Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, Zambia wanawake mara yao ya kwanza kabisa, mechi ya kwanza wanakutana na Uholanzi wanapigwa 10-3, ndiyo, kumi. Watu walicheka sana siku ile mitandaoni. Lakini matatu yote ya Zambia kafunga Banda. Siku tatu baadaye wanacheza na China wanatoka 4-4, Banda tena matatu. Hakuna mwanamke aliyewahi kufunga hat triki mbili mfululizo kwenye Olimpiki kabla yake, halafu timu yake ndo ilikuwa imetoka kufungwa kumi. Mimi nafundisha netiboli na mpira wa miguu kwa wasichana shule ya msingi na hizo klipu za mechi ya China ndizo nawaonyesha, hasa anavyokimbia na beki begani, beki anamvuta hata haanguki, anasogeza mpira mbele mguu mmoja tu na kupiga. Mtoto wa darasa la sita akiona vile anauliza "mwalimu kwani inaruhusiwa kumsukuma na wewe?" na ndipo somo la kutumia mwili linapoanza.

Na goli la 1,000 katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake, 2023, ni la nani? La kwake huyohuyo, penati dhidi ya Costa Rica, Zambia wakashinda 3-1.

Iringa hapa uwanja wa Samora pakiwa na mechi ya wasichana watu wanajaa pembeni, usije ukadhani hakuna soko.

---

Mwalimu wa Makambako

Ndugu yangu mwenye banda, wazo lako zuri sana na nimelifurahia. Naomba niongezee kuhusu namna ya kuyaonyesha, maana hizi klipu za sekunde kumi za kwenye simu zinaua magoli. Ukimwonyesha mtu Roger Milla anampora mpira Higuita anafunga, ataona kipa mzembe na mshambuliaji mwenye bahati, basi. Mwonyeshe robo saa nzima ya muda wa ziada. Naples, 23 Juni 1990, Cameroon na Colombia, 0-0 dakika 90 zimeisha. Milla ana miaka 38, ameingia akitokea benchi. Dakika ya 106 anafunga la kwanza kwa mguu wa kushoto. Sasa Colombia wamechanganyikiwa, wanapanda wote, na Higuita alikuwa kipa wa kutoka, ndiyo ulikuwa mchezo wake miaka yote, anacheza kama beki wa tano. Anapewa mpira mbali sana na goli, anataka kumpiga Milla chenga. Ukiwa umeangalia tangu mwanzo utaona Milla alikuwa anamnyemelea muda mrefu, anamjua. Akauchukua, akakimbia peke yake, halafu akaenda kwenye kibendera cha kona akakata kile kiuno.

Na matokeo yake hayakuishia pale. Afrika ilikuwa na nafasi mbili tu Kombe la Dunia 1990. 1994 zikawa tatu, na 1998 timu zilipoongezwa kufika 32 tukapata tano. Cameroon kufika robo fainali, wa kwanza Afrika, na kuwasumbua Uingereza mpaka 3-2 kwenye muda wa ziada kwa penati mbili za Lineker, hiyo ndiyo ilikuwa hoja kubwa ya Afrika mezani. Kwa hiyo yale magoli mawili ya mzee Milla mimi nayahesabu kwenye kila timu ya Afrika iliyofuata.

Ombi jingine. Ukiweka la Maradona dhidi ya Uingereza, 22 Juni 1986 pale Azteca, liweke sambamba na la Saeed Al-Owairan wa Saudi Arabia dhidi ya Ubelgiji, Washington 1994. Wote wanaanzia kwenye nusu yao wanapita watu mpaka golini. Uone tofauti. Al-Owairan anakwenda wima, nguvu na mbio, mpira unamgonga mguuni unamrudia, kuna sehemu inabidi apambane. Maradona anapokea kutoka kwa Enrique amezungukwa, anajigeuza, baada ya hapo mguu wa kulia karibu hautumii kwa kitu chochote, kila mguso ni kushoto, Butcher anapitwa, Fenwick anapitwa, Shilton anatoka anapitwa naye, na Butcher amekimbia kurudi anamkwatua wakati anapiga na bado linaingia. Refa alikuwa Mwafrika, Ali Bennaceur wa Tunisia, na angeweza kupuliza faulo njiani. Aliacha. Kwa hilo namheshimu.

---

Dogo wa Uyole

Mwalimu huyohuyo Bennaceur dakika nne kabla alikubali goli la mkono!!

---

Mwalimu wa Makambako

Ni kweli, dakika ya 51 na hili dakika ya 55. Kwa nafasi aliyokuwa amesimama hakuuona mkono, akamtazama msaidizi wake wa pembeni, msaidizi hakuinua bendera. Mimi ushauri wangu yawekwe yote mawili kwa mpangilio wake. Ukiweka la pili peke yake unamfanya Maradona malaika, ukiweka la kwanza peke yake unamfanya mwizi, na mtu yule alikuwa ni yeye yule ndani ya dakika nne.

---

Mzee Ndizi (Tukuyu)

Mimi la kwanza silitaki lionyeshwe kabisa. Wajukuu wanakaa hapo mbele. Ukilionyesha watu watashangilia, na ukishashangilia huwezi tena kumwambia mtoto asishike mpira. Muweke la Papa Bouba Diop, 31 Mei 2002, Seoul, hilo ni la jasho. Ufaransa bingwa wa dunia na bingwa wa Ulaya, Senegal ndiyo mechi yao ya kwanza maishani kwenye Kombe la Dunia, dakika ya 30 El Hadji Diouf anapita kushoto anaingiza mpira, kiungo Petit na kipa Barthez wanagongana nao, Diop kateleza yupo chini tayari, anapiga akiwa amelala. Hilo ndilo ninalolipenda, alifunga akiwa chini. Halafu jezi ikawekwa karibu na kona wakaizunguka wakicheza. Amefariki Novemba 2020 kijana wa watu, miaka 42 tu. Mwenyezi Mungu ampumzishe.

---

Fundi Skrini (Mwanjelwa, Mbeya)

Aisee nashukuru sana, sikutegemea. Nimewasoma wote mpaka chai imepoa.

Mzee wa Iyunga shikamoo, nimekuwa nafikiria la kwako tangu jana. Kama utakuwa tayari nitakuja kukuchukua na gari, projekta nitaizima, utalisimulia mwenyewe mbele za watu kwenye maiki. Ndo litakuwa la kwanza kabisa, kabla hata ya Tshabalala. Wale vijana wa boda wakisikia kwamba watu walisimama nje Agosti kusikiliza redio dirishani watakaa kimya, nawajua.

Dada wa Kihesa umenipata penyewe. Kweli mabinti hawaji, na sababu nyingine ni kwamba usiku wanaogopa kurudi. Kwa hiyo naigawa, saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili naweka Banda mechi ya China na magoli ya Kombe la Dunia la wanawake, kiingilio bure kwa wanafunzi, naongea na mwalimu wa sekondari jirani hapa. Usiku ndo mengine.

Chipolopolo, matuta nayaweka yote. Ila na la Msuva dhidi ya Zambia AFCON ya Ivory Coast Januari 2024 naliweka, dakika ya 11, Samatta kampa pasi, usininunie. Mpaka leo siamini tulishindwa kulinda lile goli, wenzetu wapo kumi toka kipindi cha kwanza, na aliyepewa nyekundu alikuwa anaitwa Kabwe kama mtaa wetu hapa, halafu dakika ya 88 Daka wao anasawazisha kwa kichwa.

Kuhusu goli la mkono bado sijaamua, hoja ya mzee wa Tukuyu ni nzito na ya mwalimu pia nzito.

---

Chipolopolo Damu (Tunduma)

Weka tu la Msuva, ila usikate kabla ya dakika ya 88. Ukikata nakuja na watu wa Nakonde.

---

Mstaafu wa Iyunga

Marahaba mwanangu. Nitakuja, gari usihangaike, kuna daladala. Ila niweke mapema, saa mbili isizidi, na nitakuja na mwenzangu mmoja tuliyekuwa naye dirishani siku ile, yeye anakumbuka goli la Zambia lilivyoingia, mimi lile nimelisahau.

---

Mpenzi wa Machungwa (Njombe)

Yani watu wote hawa hakuna aliyemtaja Dennis Bergkamp wa Uholanzi??? Marseille, Kombe la Dunia 1998, dhidi ya Argentina, robo fainali, 1-1, dakika zimekwisha, Frank de Boer anapiga mpira kutoka nyuma kabisa mita kama 60, Bergkamp anaushusha hewani kwa mguso mmoja, wa pili anampitisha Ayala katikati ya miguu, wa tatu upo wavuni. Miguso mitatu, yote mguu wa kulia. Fundi liweke polepole, mara ya kwanza kawaida, mara ya pili polepole, na usimame kwenye ule mguso wa kwanza waangalie mguu unavyoshuka pamoja na mpira. Mimi natoka Njombe na basi la asubuhi kwa ajili ya hilo tu, niambie tarehe.